Ushuhuda wa Watu Arobaini

Katika treni ya asubuhi, mama mmoja, katibu wa chama cha waliofukuzwa kiwanda cha kamba, alimweleza dada aliyekaa naye, fundi wa kompyuta, jinsi alivyopoteza ushuhuda wa wenzake arobaini. Programu aliyoandikia ilikuwa ya kulipiwa. Muda wake ulipoisha, ikagoma kufungua chochote. Wenye duka la kompyuta wakamshauri afute vyote vilivyomo kwenye mashine, aanze upya. Akakubali.

“Jamani, mama! Kuna programu huria, haiuzwi. Ingefungua faili zako zote. Hukuambiwa?”

“Niliambiwa. Binti wa dada yangu aliniwekea kabisa. Nikaifungua siku moja, nikaona vitufe vimehama, nikaifunga. Nikasema hayo ya wasomi.”

Akacheka. Yeye, aliyemfokea meneja mbele ya askari wenye virungu, alishindwa na vitufe!

“Ungeuliza. Wanaoitengeneza wana jukwaa mtandaoni, wanajibu hata swali la mtoto.”

“Niliandika swali, mwanangu, nikalifuta. Niliona haya.” Akamgeukia. “Na wale wa dukani, walijua kwamba ingefungua?”

Fundi akatazama dirishani. “Walijua, mama. Hata mimi dukani kwangu sisemi mpaka niulizwe.”

Mama akamtazama kama alivyozoea kuwatazama mameneja.

“Lakini wakusanye wenzako tena,” fundi akasema haraka. “Uandike ushuhuda wao upya, nitakufundisha.”

“Wamebaki hai sita,” akajibu, treni ikipunguza mwendo. “Wawili hawakikumbuki hata kiwanda.”

Milango ikafunguka.