Kidole cha Feruzi

Asubuhi ya sikukuu ya uhuru, kivuko cha Lubunga kilijaa watu, na Mama Georgette, kiongozi wa kwaya, akabanwa karibu na Feruzi, mpiga gitaa asiyemjua. Feruzi akagusa nyuzi. Sauti ikatoka tamu; kisha akasogeza kidole kimoja, ikachacha.

"Papa, gitaa yako iko na ugonjwa," Georgette akasema.

"Hapana, mama! Kidole niliweka mwenyewe. Sikia: nyuzi mbili zinagombana, moyo inashituka, kisha narudisha kidole, mutu anapumua."

"Siku ya uhuru, na wewe unatupigia ugomvi? Ile haiko muziki."

"Alors nipige tamu tupu? Sikukuu italala!"

Akasogeza tena kidole kile, akapiga kwa nguvu. Sauti ikapanda, ikauma kama pilipili kwenye mboga ya pondu, ikaning'inia. Abiria wakanyamaza wote, isipokuwa mbuzi mmoja aliyeitikia, naye hakuwa wa kwaya. Papo hapo kivuko kikagonga ukingo wa mto. Feruzi akacheka, akatupa gitaa begani, akaanza kushuka.

Georgette akamkamata shati kwa mikono miwili.

"Eh! Unaenda wapi? Rudisha kidole kwanza!"