Mama Maji: Miaka Thelathini na Mmoja Kando ya Birika

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, mhudumu wa kanisa letu, ambaye wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Maji, atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Amefanya kazi chini ya wachungaji wanne, na wote wanne wamekiri, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba wao ndio waliokuwa chini yake. Mimi karani nimepewa jukumu la kuandika wasifu huu kwa sababu ofisi yangu inapakana na stoo yake, na kila asubuhi namsikia akiyagombeza mafagio.

Kwa faida ya wageni, kanisa letu la Kibaptisti lilizaliwa kutokana na ugomvi wa kinanda. Waliotaka kinanda waliondoka kanisa mama, bila kinanda, wakapanga ghala lililokuwa la magodoro. Humo waliweka mambo mawili yasiyojadiliwa: kwamba mtu hubatizwa akiwa na akili zake timamu, kwa kuzamishwa mwili mzima, na kwamba kila jambo huamuliwa kwa kura ya washirika. Rangi ya mapazia ilichukua vikao vitatu. Mapazia yenyewe hayajanunuliwa.

Mchungaji wa kwanza, Mwanzilishi, alikuwa mrefu kama mlingoti. Alijenga birika la ubatizo kwa mikono yake, chini ya jukwaa la kwaya, akalipima kwa kimo chake mwenyewe. Haikumpitia akilini kwamba iko siku kanisa litakuwa na mchungaji mwingine. Yeye ndiye aliyemwajiri Mama Maji, wakati huo mama kijana mwenye binti mgongoni, aje kufagia, kupanga viti, kujaza birika na kushika taulo. Siku ya kwanza alimwonyesha bomba, kizibo na hita, akamwonya kwamba maji yakiwa ya baridi waongofu wataghairi.

Mchungaji wa pili alikuwa mfupi. Tunasema hivyo kwa heshima zote. Maji ya Mwanzilishi yalimfika kidevuni, kwa hiyo Mama Maji alitafuta tofali la saruji akalilaza ndani ya birika ili mtumishi wa Mungu apate pa kusimama. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku ya kumbatiza mwoka mikate, mtu wa miraba minne. Mchungaji aliteleza, wakazama wote wawili, na mwoka mikate ndiye aliyemwinua mchungaji. Kikao cha washirika kiliitishwa kujadili ni nani hasa aliyebatizwa siku ile. Kura zikalingana, ikabidi warudie ubatizo. Mama Maji hakutoa maoni, ila mara ya pili alikuja na taulo mbili.

Mchungaji wa tatu aliogopa baridi. Jumapili moja alivaa, chini ya joho, suruali ya mpira iliyoungana na mabuti, ile ya waosha magari. Maji yaliingilia kwa juu, yakajaa, na alipomaliza kubatiza hakuweza kupanda hata ngazi moja. Kwaya ilirudia ubeti wa mwisho hadi sauti zikakauka, huku Mama Maji ameingia majini na viatu vyake, anaitoboa suruali kwa mkasi wa maua. Mchungaji huyo ndiye aliyempa jina la Mama Maji, na hakuwa anatania.

Wa nne, mchungaji wetu wa sasa, bado ni kijana na bado hajazama. Tunazidi kumwombea.

Miezi miwili iliyopita mashemasi walikaa kuamua zawadi ya kumuaga. Walikubaliana juu ya kibao cha shaba chenye jina lake, mwaka aliobatizwa na jina la mchungaji aliyembatiza. Mchungaji wa sasa alipoulizwa alisema bila shaka ni wa tatu. Wa tatu alisema alimkuta tayari, hiyo ilikuwa kazi ya wa pili. Wa pili alipigiwa simu, akasema kwa uhakika kabisa kwamba ni Mwanzilishi, tena akaeleza jinsi ibada ile ilivyokuwa ya kugusa moyo. Mwanzilishi, ambaye sasa masikio ni mazito lakini kumbukumbu ni kali, alicheka kwenye simu. "Huyo? Mimi nilimwajiri tu. Nilipoondoka nikajua atakayenifuata atambatiza."

Ikabidi aulizwe mwenyewe. Alikuwa anakunja taulo, na hakuacha kuzikunja. "Hamkuniuliza," alisema. "Halafu taulo angeshika nani?"

Kinyozi hajinyoi, lakini hili letu lilipita kiasi. Utotoni alinyunyiziwa maji kanisani kwa wazazi wake, na kwetu hilo halihesabiki. Kwetu asiyezamishwa hapigi kura wala haijongelei Meza ya Bwana, yaani mkate na kikombe. Wakati wa kura yeye alikuwa jikoni anachemsha chai. Wakati wa Meza alikuwa jikoni anasubiri vile vikombe vidogo vya kioo aje kuviosha, na sisi sote tulidhani ameshashiriki huko huko.

Alimweleza mwenyekiti wa mashemasi kwamba miaka ya mwanzo alingoja kualikwa. Baadaye aliona haya, maana mtu aliyewajazia wenzake maji miaka kumi atasimamaje kusema yeye mwenyewe hajaingia? Alisema kila Jumapili ya Meza alikuwa akifunga bomba la jikoni ili asikie, kupitia kidirisha kinachotazama ukumbini, maneno ya kuumega mkate, na kwamba iliuma. Alikuwa amebakiza Jumapili chache, na alijiandaa kuondoka hivyo hivyo. Mwenyekiti, mtu ambaye halii hata msibani, alitoka nje kukagua mifereji ya paa. Ilikuwa kiangazi.

Basi likaja suala la utaratibu. Mwombaji hutoa ushuhuda mbele ya kikao, kisha washirika hupiga kura, na pingamizi moja tu linatosha kuahirisha jambo hadi kikao cha robo mwaka inayofuata. Kufikia hapo Mama Maji angekuwa ameshahamia kwa binti yake, mji mwingine. Na sisi tuna Mzee Pingamizi, aliyepinga kila hoja tangu enzi za kinanda. Mama Maji alitoa ushuhuda wake akiwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. "Nampenda Bwana. Mengine mnayajua." Mwenyekiti akapendekeza abatizwe Jumapili ya mwisho wa mwezi, akauliza kama kuna anayepinga. Mzee Pingamizi akanyanyuka, taratibu, kwa mkongojo wake, na ukumbi mzima ukashika roho mkononi.

Alisema anapinga tarehe. Kumbatiza mama huyu Jumapili ya mwisho wa mwezi ni kumchelewesha bila sababu, na kama kanisa lina aibu litafanya Jumapili hii. Hoja ilipita kwa kauli moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuanze.

Mama Maji alipigwa marufuku kugusa bomba. Mashemasi walijaza birika wenyewe, kwa fahari kubwa, na hawakuwasha hita. Aliposhuka tuliona midomo inabadilika rangi, lakini aliendelea kushuka. Mchungaji kijana alimzamisha, akamwinua, kanisa likalipuka kwa nyimbo. Kisha Mama Maji akapanda ngazi, akasimama pale juu akichuruzika maji, anangoja, nasi tukabaki tunatazamana. Hakuna aliyeleta taulo. Binti yake, ambaye sasa ni muuguzi, alikimbia na mtandio wake. Mwenyekiti alileta kitambaa cha meza. Mzee Pingamizi alipinga kitambaa cha meza, akavua koti lake.

Ibada iliendelea na Meza ya Bwana. Mama Maji alikaa safu ya tatu, ndani ya koti la mtu mwingine, mikono mapajani. Mkate ulipomfikia aliushika kwa muda, akala. Alikunywa kikombe chake, akalia waziwazi, na wengi wetu tukalia naye, kwa furaha na kwa aibu. Mashemasi wawili walikusanya vikombe wakaenda kuviosha. Haikuchukua muda, tukasikia kioo kinavunjika jikoni. Kisha kingine. Kisha, kwa kishindo, sinia zima. Shingo yake iligeukia kidirisha, na miguu ikajikusanya chini ya kiti. Ukumbi wote ulikuwa unamtazama.

Alishusha pumzi, akajiegemeza, akamwomba jirani yake kitabu cha nyimbo.

Mama Maji, tumenunua vikombe vya plastiki. Asante kwa kutusubiri. Tunakuombea afya, wajukuu wenye heshima, na miaka mingi ya kukaa kitini.