Kompyuta ya Mama Eufrosina Ibaki Santa Prisca

Mgeni rasmi, Mhandisi Leonor Batalla, Mkuu wa Idara ya Mawasiliano Vijijini. Mwenyekiti wetu wa kijiji. Wazee, akina mama na vijana mliopumzisha majembe leo:

Karibu

Sisi wakazi wa Santa Prisca, tunaotumia Chumba cha Mtandao cha kijiji, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua barabara ya kutoka Oaxaca imekuchosha, na ukungu wa huku hauna adabu kwa wageni. Kahawa iko motoni na tamale za unga wa mahindi zimeiva. Tunakuomba utusikilize kwanza, maana Mama Odilia, muuza nyama wetu, anasema mtu akishashiba hasikii tena maombi ya watu.

Historia yetu

Chumba hiki tulikijenga kwa msaragambo. Wanaume walibeba nguzo ya antena mabegani hadi kilimani, na akina mama wakakanda udongo wa matofali. Kompyuta mpakato ililetwa na idara yako, moja tu, na mkutano wa kijiji ukamchagua Mama Eufrosina Yescas kuitunza. Aliitunza bila malipo hadi alipofariki msimu wa mvua uliopita.

Kila asubuhi alikuwa na swali lake. Kabla hajafungua lolote, alipaza sauti kutoka ndani: "Leo tarehe ngapi?" Mumewe, Mzee Crisóforo, aliyekuwa akifagia uani, alimjibu bila kuinua kichwa.

Sisi tulicheka. Mama Odilia alikuwa akimtania mzee: "Shemeji, mkeo kazeeka! Jana kauliza tarehe, leo kauliza tena."

"Afadhali tarehe, shemeji. Nyumbani ananiuliza mimi ni nani."

Kicheko cha Mama Eufrosina kilisikika hadi barabarani.

Mafanikio

Watoto wetu wengi wako kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Jumapili familia nzima hujibana mbele ya kioo kile kimoja, kuku nao wakiingia miguuni. Wapo mabibi hapa waliowaona wajukuu zao kwa mara ya kwanza humo, wakakibusu kioo mpaka kikahitaji kufutwa.

Changamoto

Baada ya mazishi, kompyuta iligoma. Alama ya mtandao ilionekana imejaa, na simu zetu ndani ya chumba kile kile zilifanya kazi, lakini yenyewe ilikataa kila ukurasa ikituonya kuwa si salama. Tulizima kisanduku cha intaneti tukakiwasha. Tuliandika upya neno la siri. Tulibadilisha waya. Nabor, fundi wetu wa umeme, alipanda nguzo akamfukuza njiwa kwenye antena, akashuka na kinyesi begani, na kompyuta bado imenuna.

"Inamlilia mwenyewe," Nabor alisema.

"Kompyuta hailii, Nabor. Futa pua yako," alijibu Mama Odilia, naye akijipangusa macho kwa aproni.

Siku hiyo Mzee Crisóforo alikuja kuchukua shali ya mkewe, iliyokuwa bado kwenye mgongo wa kiti. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga pale; hata ufagio wake ulikuwa umeegemea ukuta bila kuguswa. Aliikunja shali polepole, akaikunjua, akaikunja tena. Ilikuwa kazi nyepesi, ila mikono yake haikutaka kuimaliza. Alihisi kuna kitu kimepungua chumbani, mbali na yule aliyepungua. Alipofika mlangoni alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Siku hizi hakuna anayeniuliza tarehe."

Ndipo tukatazama pembe ya kioo. Palikuwa pameandikwa Januari mosi, mwaka 2009.

Betri kubwa haikushika chaji tena, na ile ndogo ya ndani, inayoshikilia saa, ilikuwa imekufa zamani. Huku kwetu jioni tunachomoa kila kitu ukutani kwa kuogopa radi, basi kila asubuhi kompyuta iliamkia mwaka ule ule, na mtandao ukaikataa kwa kutojua leo ni lini. Mama Eufrosina alikuwa akiirudisha kwenye mwaka wetu kila siku, na hakuona kuwa ni jambo la kutangaza.

Nabor aliuliza tarehe. Mzee akaitaja, na kurasa zikafunguka. Yeye akaketi kwenye kiti cha mkewe, shali mapajani.

"Elfu mbili na tisa," alisema. "Mwaka ule watoto wangu wote walikuwa bado wanakula mezani kwetu. Kumbe alikuwa anauona kila asubuhi, halafu anaufuta kwa mkono wake."

Kesho yake alikuja mapema, akashika ufagio.

Maombi

Barua ya idara yako inasema tutapewa kompyuta tatu mpya, na ile kuukuu ipakiwe leo kwenye gari lako. Tuliijadili katika mkutano wa kijiji. "Yaani tukose mashine tatu kwa ajili ya tarehe?" Mama Odilia aliuliza. Ilipofika kupiga kura, mkono wake ndio uliotangulia kunyanyuka: kuukuu ibaki.

Mgeni rasmi, hizo mpya tunazihitaji sana, na hatutajifanya vinginevyo. Lakini kama lazima tuchague, basi rudi nazo. Na kama utaturuhusu kubaki na zote, tunaomba pia fundi wako asiibadilishe ile betri ndogo. Siku hizi anayefungua chumba hupaza sauti kuuliza, na Mzee Crisóforo hujibu kutoka uani. Betri ikipona, tutamwuliza nini?

Mungu akufikishe nyumbani salama, na uwapendao wote awakalishe mezani kwako.

Ni sisi,
Watumiaji wa Chumba cha Mtandao,
Santa Prisca.
Tarehe 14 Machi, kama alivyoitaja Mzee Crisóforo asubuhi ya leo, tulipomwuliza.