Basilia Arzú Lino, Mwoka Mkate wa Muhogo wa Punta Mangle

Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Machi 2014, saa nne asubuhi, nilikuwa nyuma ya nyumba nikishindilia muhogo uliokunwa ndani ya kifumbu kirefu cha kukamulia, mikono imelowa hadi viwikoni, wenzangu watano wakiendelea kukuna, aliposimama mlangoni binti yangu Yessenia akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Bibi haamki. Nilimwambia amwache alale, kwa kuwa usiku alikohoa sana, naye akasema, "Mama, nimemgusa. Njoo." Nikanawa mikono nikaenda, na hivyo ndivyo tulivyoupata msiba huu uliotukutanisha leo Jumatano, kabla hatujampeleka makaburini. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa kuwa mimi, Crisanta, ndiye binti yake wa pekee aliye hai na ndiye niliyeishi naye. Sijalala vizuri tangu mwaka jana, hivyo nikikosea tarehe mnivumilie, nyingine alizijua yeye mwenyewe tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 13 Juni 1936, hapa hapa Punta Mangle, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Anselmo Arzú, mvuvi, na Bi Teodora Lino. Mdogo wake ndiye Mama Mdogo Obdulia, mnayemwona ameketi hapa mbele.

Aliingia shule ya kijiji mwaka 1944 akasoma hadi darasa la tatu, kisha mwaka 1947 mama yake akaumwa mgongo, na kwa kuwa nafasi kwenye kibao cha kukunia haikai wazi, akaikalia yeye, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alijua kusoma barua na kuandika jina lake, na sisi watoto wake alitusukuma hadi tukamaliza sekondari, wengine kwa fimbo.

Kazi yake ilikuwa mkate wa muhogo, na aliifanya miaka sitini na mitatu. Alichimba, alimenya, alikuna kwenye kibao kilichopachikwa vijiwe, alikamua sumu ya muhogo ikatoka, alichekecha, alioka juu ya bamba la chuma, kisha alijitwika mzigo akaenda kuuza mjini La Ceiba akiwa na mimba ama hana. Tangu mwaka 1971 aliongoza kikundi cha wanawake kumi na mmoja, na katika kikundi hicho kuna desturi mbili ambazo wageni waliofika leo inafaa wazijue. Ya kwanza, mkate si wa mtu mmoja, ni wa kila aliyeutia mkono, na aliyeutia mkono hanyimwi. Ya pili, neno likisemwa kwenye bamba mbele ya wote, linakuwa la wote, na aliyelisema hawezi kulirudisha peke yake.

Alifunga ndoa na baba yetu, Santos Guity, baharia wa meli za ndizi, tarehe 26 Aprili 1958, katika kanisa la Trujillo. Baba alikaa nyumbani majuma sita kwa mwaka, na Mama alikuwa akisema kwamba hayo yalimtosha. Baba alifariki tarehe 2 Septemba 1989. Walijaliwa watoto wanne, Hilario wa mwaka 1959, mimi wa 1962, Donato wa 1965, na mmoja wa kike aliyeishi siku tisa tu, mwaka 1968, ambaye Mama hakupenda aulizwe habari zake. Ameacha wajukuu tisa na vitukuu watatu.

Sasa nitasema jambo ambalo Padre angependa niliruke, lakini kijiji kizima kinalijua. Mwaka 2003 kaka yetu Hilario aliuza shamba la juu, ambalo ni la ukoo wala haliuzwi, kwa bwana mmoja wa mjini aliyelizungushia uzio mwezi ule ule. Jumamosi ya tarehe 8 Novemba, bamba likiwa la moto na kikundi chote kimesimama, Mama alisema, "Mkate unaotoka hapa Hilario hataula tena." Wote wakaitikia. Hilario akahamia La Ceiba, na kwa miaka kumi kila alipokuja kumwona mama yake alikalia kiti cha barazani, akanywa maji, akarudi.

Hasira ya Mama iliisha kabla ya miaka miwili. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba lile neno lifutwe, wengine wakakubali kwa kumwonea huruma, wengine wakakubali kwa kuchoka, wanne wakafa wakiwa wamekubali. Akabaki mmoja wa kikundi aliyekataa, mdogo wake mwenyewe. Mama Mdogo hakuwa mkorofi, nalisema hili mbele yake. Mistari yake ya muhogo ndiyo iliyokuwa katikati ya lile shamba, na tangu uzio uwekwe anatembea saa nzima kwenda kulima ng'ambo ya mto, akiwa na magoti mabovu. Kila alipoulizwa alisema waende wakayaulize magoti.

Mama alianza kuugua kisukari mwaka 1998. Tarehe 19 Mei 2010 alikatwa mguu wa kushoto katika hospitali ya Trujillo, na mwezi Agosti 2012 akapata kiharusi kilichompoozesha upande mmoja. Nimemwogesha, nimemgeuza, nimegombana naye kuhusu chumvi. Januari mwaka huu, nilipokuwa nikimbadilishia shuka, alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima akasema, "Crisanta, usinizike na lile neno." Nilimwambia nimesikia. Nilikwenda kwa Mama Mdogo mara tatu, nikarudi mara tatu, na Jumatatu asubuhi Mama alikata roho usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, jambo lenyewe likiwa bado.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Trujillo, hasa nesi Delfina aliyekuja kusafisha kidonda hata siku za mvua, jirani yetu Bi Paulina kwa kuni na kwa kelele zake zilizomchangamsha mgonjwa, wanakikundi, wapiga ngoma, nahodha aliyempa Donato ruhusa ya kushuka melini, na Padre kwa kutusubiri. Nisiowataja wasinune, nimechoka tu.

Lakini siwezi kukaa kabla ya kumwambia Mama yaliyobaki.

Mama, mwili wako ulipopelekwa mochwari kumsubiri Donato, muhogo ulikuwa nusu umekunwa, na watu wa matanga wangekula nini, kwa hiyo tulirudi kwenye vibao. Hilario alifika saa tisa alasiri akasimama langoni, hakuingia. Hakuna aliyemkaribisha, nami nikamtazama Mama Mdogo, yeye akautazama muhogo. Tukakuna muda mrefu hivyo. Mwishowe Mama Mdogo akamwambia bila kuinua kichwa, "Umesimama hapo kama nguzo ya ule uzio wako. Kaa ukune."

Mwanaume wa miaka hamsini na mitano akaketi katikati ya wanawake, akakuna hadi jua likazama, na Bi Paulina akamwonya akune muhogo, asikune vidole, maana mkate wetu hauna nyama. Vidole alivikuna vilevile. Jana tukachekecha, tukaoka, Mama Mdogo ndiye aliyegeuza.

Jioni ulikuwa umeshaletwa, umelazwa sebuleni, nasi tukatenga meza uani. Nilipakua samaki wa tui na ndizi za kutwanga, Yessenia akapanga sahani, na Mama Mdogo akazunguka na ungo wa mkate. Alipofika kwa Hilario alisimama. Akasema, "Mimi sijakusamehe. Lakini mkono wako umo." Akamwekea kipande, akaenda kwa anayefuata. Hilario alikula akiwa ameinamia sahani, tukamwacha ale.

Mama, neno lako limebaki duniani, hushuki nalo kaburini. Mistari ya muhogo bado iko ndani ya uzio, hilo ni letu sisi tulio hai. Lala sasa, mifupa yako ipumue. Nilihesabu watu kabla sijaketi, nikaanzia kwa Mama Mdogo nikamalizia kwa kitukuu wako aliyelala mapajani mwa Donato, tulikuwa ishirini na wawili, sahani zilitosha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa barazani.