Vidonge vya Bakteria Wazuri

Mwalimu wa hesabu alikaa kiti cha karibu na mlango wa basi, kama kawaida yake tangu utumbo wake mpana ulipoota vidonda, maana haja humshika ghafla. Mama wa makamo aliyeketi ubavuni mwake alikiona kichupa alichokifungua, akauliza bila kusita, "Hivyo si vile vidonge vya bakteria wazuri? Mwanangu mwenye vidonda vya utumbo anavyo. Ameacha dawa za hospitali, anameza hivyo tu."

Mwalimu akauliza taratibu, "Anatoka damu chooni, mama?"

"Anasema ni kidogo. Dawa zilimvimbisha uso, akachoka kuchekwa kazini."

"Mimi pia niliziacha. Hivi vilinituliza tumbo miezi miwili, nikajiona mjanja. Ugonjwa ulipoamka nilianguka darasani mbele ya wanafunzi, sketi imelowa damu. Sasa navimeza pamoja na dawa, na daktari anajua."

"Kwa hiyo vinasaidia."

"Mimi vinanisaidia. Vyenyewe tu havikutosha."

"Mwili wake si wako," mama alishikilia, ingawa sauti ilikuwa imepungua.

Basi likasimama. Mama hakuinuka mara moja. "Kwake ni hapa. Sasa nitamwambia nini mtu mzima wa miaka thelathini?"

"Usimwambie kitu. Muulize leo ameenda chooni mara ngapi, halafu unyamaze umsubiri ajibu."

Mama akashuka akishikilia chuma cha mlango, midomo yake ikilirudia swali lile kimyakimya.