Bi Kapu na Watoto Waliomkimbia

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya ustawi wa watoto, mwenzetu ambaye mtaa mzima unamwita Bi Kapu anarudisha ufunguo wa kabati, anatia saini na kwenda nyumbani kama watu wengine. Kamati ya sherehe imeomba wasifu mchangamfu. Tumejitahidi. Kazi yenyewe ndiyo haikuchangamka.

Alipoajiriwa alikuwa binti mwembamba mwenye cheti kipya na kapu ambalo lingetosha kubebea mbuzi. Ofisi ilimpa mkoba wa ngozi, mkanda ukakatika wiki ya kwanza, akalirudia kapu lake. Humo alitia mafaili, mwavuli, kandambili za siku ya matope na mkate wa mchana. Watu wakawa wanamwona anaingia nyumba ya fulani na kapu, kisha anatoka na mtoto. Hesabu waliyopiga haikuhitaji shule. Kabla mwaka haujaisha, kina mama walishapata msaidizi asiyelipwa: kula, Bi Kapu asije, lala, Bi Kapu huyo dirishani.

Mwanzoni jambo hili lilimfurahisha kidogo, na sisi lilituchekesha sana. Mkuu wa ofisi wa wakati ule aliliita kinga ya bure, kwa kuwa watoto walikuwa wanatulia bila gari kutumia mafuta.

Katika mwaka wake wa sita, fundi cherehani mmoja wa nyuma ya soko alikuja ofisini, akakataa kiti. Alisema jirani yake anampiga mtoto wa kambo kwa waya, na kwa kuwa ukuta wa nyumba zao ni mmoja, yeye ameshindwa kushona. Bi Kapu alikwenda siku hiyohiyo na dereva. Baba wa kambo akawapokea kwa adabu zote: viti, maji ya kunywa, poleni na jua. Mtoto, alisema, yuko kwa bibi yake. Wakachungulia vyumba, wakaita jina, kimya. Wakaandika kwamba hakuwepo, wakaaga.

Alikuwepo. Alikuwa ndani ya pipa tupu nyuma ya jiko, magoti kidevuni, kiganja mdomoni. Hakufichwa na mtu. Aliliona kapu likija, akajificha mwenyewe. Baba wa kambo naye hakujua aliko. Alidanganya tu, na uongo wake ukapata bahati.

Hazikupita wiki mbili mtoto akaletwa hospitali. Alipona, kama hilo ndilo neno lake, ila sikio la kushoto halikusikia tena. Muuguzi alimuuliza, Bi Kapu akiwa palepale, kwa nini siku ile hakutoka. Mtoto akajibu bila hasira, kama anayemweleza mtu mzima jambo dogo ambalo angepaswa kulijua:

"Baba ananipiga, lakini baba namjua."

Waliokuwepo wodini wanasema Bi Kapu alilisukuma kapu chini ya kitanda kwa mguu, polepole.

Kuanzia hapo kazi yake ikawa moja, ingawa barua ya ajira ilitaja nyingi: mtoto aliye mashakani asimkimbie mtu anayekuja kumtoa.

Alianza na wazazi. Aliita mkutano, akawasihi wamtafutie jitu jingine la kutishia watoto, akapendekeza chui. Bibi mmoja wa safu ya mbele akamwambia, "Chui hajawahi kupita hapa, mwanangu. Wewe wanakuona." Ukumbi ukaangua kicheko, na usiku uleule watoto wakalazwa kwa jina lilelile.

Basi akawaacha wakubwa, akawaendea wadogo. Kila alipopata nafasi alikwenda shule moja ya msingi, akaketi uwanjani, akamwaga kapu lake lote chini. Watoto walikuja mmoja mmoja, wakapekua. Walikuta miwani, mwavuli uliovunjika mbavu, mkate uliolalia faili. Mmoja mwenye akili ya kipelelezi alidai ajaribu kama mtoto anaenea humo. Mguu mmoja ukaingia, ukakwama, akatolewa na mwalimu wa hesabu. Wengi walionekana kusikitika. Jitu likikosa meno, hata aliyekuwa analiogopa hujiona amepunjwa. Mkuu wa ofisi alilalamika kwamba anapoteza muda wa kazi akicheza na watoto. Alijibiwa kwamba hachezi, anajulikana.

Haikuwa dawa ya siku moja, wala ya mwaka. Lakini asubuhi moja kaka na dada yake walisimama mlangoni petu wakiwa na sare za shule, wameshikana mikono. Mlinzi aliwauliza wametumwa na nani. Wakasema hawakutumwa, wamekuja kwa Bi Kapu. Yaliyowaleta hayafai jarida la sherehe. Itoshe kusema hawakurudi walikotoka, na kwamba mdogo wao, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika, haikumfika kamwe. Kinga ndiyo hiyo. Ni jambo ambalo halikutokea, na hayupo mgeni rasmi anayepigwa picha nalo.

Baada yao walikuja wengine. Msidhani walikuja wote. Wapo tuliowachelewa, na Bi Kapu alikwenda kwenye mazishi yao, akakaa nyuma kabisa, mikono mitupu.

Kesi zilipoongezeka, makao makuu yalimtuma mkaguzi mwenye tai atueleze kwa nini eneo letu lina maovu kuliko maeneo yote. Bi Kapu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Huko kwingine wamo mapipani, bwana." Mkaguzi aliandika kitu. Hatukupewa tuzo, hatukupewa onyo, na mafuta ya gari yakapunguzwa.

Yule wa pipa sasa ni mama mwenye saluni yake. Bi Kapu huenda kusukwa pale kila mwezi, ingawa nywele alizobakiza hazidai kazi kubwa. Hukaa upande wa kulia, asikike. Tunavyojua sisi, habari ya siku ile hawajaigusa.

Anayemrithi ni kijana mrefu mwenye sauti ya radi na pikipiki mpya. Ni mtu mwema. Lakini watoto wameshaanza kukimbia akipita, na jina "Bwana Pikipiki" limesikika dirishani wakati wa uji. Kwa hiyo swali la leo si nani atakata keki. Bi Kapu akiondoka, wale wanaojificha watamtokea nani?

Jumatano ya wiki hii yeye na kijana walikwenda pamoja kwenye nyumba ambayo mama yuko hospitali na mjomba ndiye mwenye amri. Mjomba alisema mtoto ametoka kucheza. Bi Kapu hakubishana. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na ukuta, yeye ni nani, amekuja na nani, na kwamba hawana haraka. Kijana alikuwa bado amesimama; Bi Kapu akamvuta suruali, naye akaketi. Wakakaa mpaka mjomba akachoka kuwatazama. Mwishowe mtoto wa kiume wa kama miaka saba akatoka uvunguni, vumbi kichwani, alama shingoni.

"Nikienda, nitarudi kwa mama?"

Ofisini tunalo jibu la swali hili, tumelizoea: ndiyo, kesho tu. Bi Kapu aliacha kulitumia tangu ile wodi.

"Sijui bado," akasema. "Nikijua, nita..." Baada ya keshokutwa hangekuwa tena kazini, na mtoto hadanganywi.

Ndipo kijana akasema, akijitahidi kuishusha ile radi, "Nitakwambia mimi. Nakuja Jumatatu, niwe najua au sijui."

Mtoto akamgeukia Bi Kapu. Bi Kapu akatazama pembeni, ahadi ibaki kwa mwenyewe. Mtoto akafikiri, akavua kandambili zake, akampa kijana amshikie apande pikipiki.

Tunakushukuru, Bi Kapu, kwa kukubali kuogopwa na kisha kukataa. Tulio na watoto nyumbani tukupe zawadi isiyohitaji mchango: tusiwatishe kwa kazi yetu. Wapo humu wanaofanya hivyo, na wanajijua. Tunakuombea asubuhi za uvivu, afya, na mlango usiobishwa ila na wanaokupenda.

Na wewe kijana, kunywa soda yako kwa raha. Jumatatu unasubiriwa.