Malachy Tuohy, Aliyewachagulia Washindi Watu wa Kilbrannock

Baba Paroko, dada yetu Attracta, watoto, na ninyi nyote mliofika na matope ya Kilbrannock kwenye viatu, familia imemwomba Con Looby, shemeji yake marehemu, awasomee maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe hakuvumilia maneno mengi kabla ya mbio ya kwanza, tuanze.

Malachy Tuohy alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 hapa Kilbrannock, Tipperary, mtoto wa tatu wa marehemu Jeremiah Tuohy, mhunzi aliyewapigilia viatu farasi wa tarafa nzima, na marehemu Bríd, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1946, kisha shule ya Mabruda mjini Thurles hadi Juni 1957, ambako alifaulu hesabu vizuri sana na kuchapwa vizuri sana pia, kwa kuchungulia dirishani kila farasi wa mazoezi walipopita. Januari 1958 aliajiriwa katika kiwanda cha maziwa, akapokea na kupima maziwa ya wakulima mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1989, na hakuna mkulima aliyewahi kusema kapunjwa, ingawa mnajijua mlivyo.

Lakini maziwa hayakuwajaza ninyi kanisani leo, tuseme ukweli. Oktoba 1966 gazeti letu la kila Jumatano lilimpa safu ya kutabiri mbio za farasi za kuruka viunzi, akaiandika kwa miaka hamsini, na namna yake ya kazi haikubadilika: kabla ya kuchagua aliuzunguka uwanja mzima wa mbio kwa miguu, akichoma ardhi kwa fimbo mbele na nyuma ya kila kiunzi, ajue farasi atarukia wapi na atatua kwenye tope la kina gani, kisha alisimama pale farasi wanapozungushwa mazoezini, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, aone miguu, kifua na, Baba Paroko atuwie radhi, makalio ya farasi tu, asiione kabisa sura ya mpandaji, kwa sababu alisema sura ya mtu ilishamdanganya kila mwenye pesa Tipperary. Siku moja pale Clonmel alitaja washindi sita katika mbio saba, hadi mpokea dau mmoja akamsihi kwa upole siku nyingine augue, abaki nyumbani.

Tarehe 14 Septemba 1968 alifunga ndoa na Attracta Looby katika kanisa hili hili, wakajaliwa Ruadhán, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1970, na Fidelma, mwaka 1973, na alikuwa baba mpole asiyepiga wala kufoka, ila sifa zilimtoka kwa shida, yaani farasi angeweza kusifiwa safu nzima na mtoto akaambulia kutikisiwa kichwa kwa kukubali. Ruadhán alipoanza kupanda farasi kwenye mashindano, akiwa na miaka kumi na tisa, hakutaka kikombe wala picha gazetini, alitaka kitu kimoja tu, siku moja baba yake amchague.

Mnaujua utaratibu wetu wa kukusanyika ukumbi wa parokia jioni ya kuamkia mbio za Clonmel, chai ikimiminwa na mikate ya nyama ikizunguka, Malachy akiwa jukwaani anataja chaguo lake mbio baada ya mbio na sababu zake. Februari 1990 ukumbi ulifurika, maana katika mbio ya tatu farasi jike aitwaye Oonagh, mali ya huyu huyu Con anayewasomea, angepandwa na Ruadhán, na parokia nzima ilikuwa imejiandaa kumwekea dau. Malachy alifika kwenye mbio ya tatu, akakohoa, akamtaja farasi wa watu wa Cashel, akasema Oonagh hataliweza tope. Con alisimama na kikombe chake mkononi.

"Malachy, wewe ni shemeji yangu au ni gazeti?"

"Leo ni gazeti, Con. Keti unywe chai."

Watu walicheka, ila Ruadhán alikuwa amesimama mlangoni, na yeye hakucheka. Kesho yake Oonagh aliruka kana kwamba tope ni zulia, akashinda na kuwaacha wenzake mbali, wakati parokia yote, kwa kumtii Malachy, ilikuwa imempa dau farasi wa Cashel aliyefika wa nne, na basi la kurudi Kilbrannock lilikuwa kimya kuliko gari lililomleta marehemu leo. Jumatano iliyofuata aliandika gazetini maneno machache tu, kwamba alikosea, alimtazama mpandaji.

Tangu siku hiyo hakuitabiri tena mbio yoyote aliyopanda Ruadhán, mahali pake gazetini palikuwa peupe, mhariri akilalamika na wasomaji wakipiga simu kuuliza kama wino umeisha, na wajanja wa hapa, tunawajua, wakaanza kumwekea dau Ruadhán kila walipoona peupe, na hawakupata hasara. Wapandaji wenzake walimtania chumba cha kubadilishia nguo, eti leo baba kakuandika kwa wino wa maziwa, naye akicheka nao, lakini alipostaafu mwaka 2006, akiwa ameshinda mbio nyingi na kuvunjika mfupa wa bega mara mbili, aliondoka akiamini kwamba baba yake hakumwona anafaa. Iliuma, na sisi ndugu tuliona inavyouma, tukanyamaza.

Mwaka 2017 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, akatibiwa Clonmel na baadaye nyumbani, na Novemba hii alipozidiwa Ruadhán alihamia kando ya kitanda chake, na Jumanne iliyopita akamuuliza waziwazi kwa nini hakumchagua hata mara moja. Malachy alichukua muda kupata pumzi.

"Mwanangu, sikuwahi kukuona. Kila ulipokikaribia kiunzi nilifumba macho, mama yako ndiye aliyeniambia kama umevuka. Nitamtabirije mtu ambaye sijawahi kumwona akiruka?"

Attracta, aliyekuwa dirishani, alisema ni kweli, mkono wake wa kushoto ulikaribia kunyofolewa kwa kushikwa. Ruadhán alikwenda kutafuta ukanda wa video wa mbio za Punchestown za Aprili 1998, alizopanda yeye mwenyewe, akauweka kwenye televisheni, akaketi kitandani, na Malachy, ambaye alijua fika kijana wake alirudi mzima siku ile, alimshika mkono akaukaza kwenye kila kiunzi, macho wazi mpaka mwisho. Baada ya kiunzi cha mwisho alisema:

"Ana mikono mizuri huyu. Ningemchagua."

Malachy alifariki Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2019, alfajiri, akiwa na umri wa miaka 78.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliochimba kaburi kwenye mvua na kutuletea mikate kuliko tunavyoweza kula, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, gazeti, na hata wapokea dau wa Clonmel, ambao wameleta shada kubwa kuliko yote, na tunajua wanalia kwa jicho moja.

Shemeji, kila aliyeondoka nyumbani kwako amerudi salama. Sasa fumba macho kwa amani, upumzike.